Nishani Isiyomo Kitabuni

Kwa mwanangu Athumani,

Salamu zangu hazina safari ndefu, maana nakuandikia nawe umo uani, nakusikia ukigombana na kamba ya sanduku lako. Nitakupa barua hii mkononi baada ya magharibi, kisha nitatoka nje, kwa sababu sina moyo wa kukaa nikikutazama usoni ukiisoma. Mimi niliyesimama mbele ya risasi miaka kumi na miwili. Cheka ukitaka.

Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu. Zile za serikali ulizofundishwa wewe, mkono wangu huzichora kama kuku aliyepita juu ya unga. Utanivumilia.

Sitakuambia ule wapi wala ulale wapi huko Dar es Salaam. Mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, nawe umeitikia mara tatu bila ya kusikia. Nataka kukuambia habari ya bahasha niliyokuonyesha juzi, ile ya boma, yenye ushahidi wa kusahihisha kitabu changu cha askari.

Tangu mdogo umeniona nikikifungua kitabu kile. Limo jina langu, imo miaka niliyotumikia, vimo vyeo vyangu vyote viwili, ombasha kwanza na shaushi baadaye, na zimo safari za vita. Mahali pa nishani ni patupu. Umekua ukinisikia nikiwaambia watu kwamba nilipewa nishani ya fedha mbele ya kombania nzima, lakini siku ya kuachishwa kazi karani alisahau kuiandika. Nimemlaani karani yule miaka na miaka. Huenda ni mzee sasa, au amekufa, naye hajui kwamba kuna mtu Mafia anamlaani kila Idi.

Na wewe sasa unakwenda kuwa karani katika ofisi ileile vinakosahihishwa vitabu vya askari. Juzi tulipokuwa tukila ulisema, "Baba, siku ya kwanza nikiingia, kitabu chako ndicho cha kwanza. Nishani yako nitaiandika kwa mkono wangu mwenyewe." Nilifurahi mpaka nikameza mwiba wa samaki. Kisha nikamwona mama yako ameinuka, ameacha chakula chake, amekwenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Athumani, karani hakusahau.

Kabla sijakueleza, nataka ujue kwa nini niliitaka mno nishani ile, si kwa ajili ya kujitetea, bali kwa sababu bila ya hilo utaniona mwendawazimu tu. Wewe umezaliwa mtoto wa shaushi. Mimi nilizaliwa mtoto wa mtumwa, katika shamba la minazi kule Chole, na msikitini nilijua pa kukaa bila ya kuambiwa. Nilipopata nguvu nikatoroka nikavuka hadi mrima, pwani ya bara. Wazungu walikuwa wakiandika askari. Waliponiuliza mimi ni nani, nikasema Feruzi. Hawakuuliza ni Feruzi wa nani. Wakaandika, wakanipa kofia nyekundu na bunduki. Sikuamini kama jambo lile lilikuwa jepesi kiasi hicho. Karatasi ilisema mimi ni askari, na tangu siku ile niliiamini karatasi kuliko nilivyomwamini mtu.

Niliporudi hapa baada ya utumishi, na koti langu na kofia yangu, mtoto wa yule aliyekuwa bwana wetu alinikuta barazani kwa watu, akanipa mkono, akanikaribisha nikae. Tukazungumza vizuri. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Shaushi, nasikia una nishani. Hebu tuione." Nikasema imepotea. Akasema, "Basi tuone kitabu." Nikampa kitabu. Akakisoma ukurasa kwa ukurasa, akakifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. Wenzake wakatazama chini. Afadhali angecheka.

Nilitoka pale nimeapa kwamba nishani itaingia kitabuni hata kama itanichukua maisha yangu yote. Huo ndio upumbavu wangu wa pili. Wa kwanza ni huu ninaouandika sasa, na maneno yakikaa vibaya usinihesabie.

Katika vita vile vya bara, watu wa milimani walikuwa hawasimami wapigane nasi. Walitukwepa, na chakula chao walikifukia ardhini. Amri tuliyopewa ilikuwa kutafuta chakula kile, tuchukue tunachoweza kubeba na tuchome kilichobaki, ili wenye nchi washuke wenyewe. Tulitafuta siku nyingi tusipate kitu. Nasi tulikuwa na njaa, hilo ni kweli, lakini njaa yetu ilikuwa na mwisho, kwa sababu nyuma yetu wapagazi walikuwa wanakuja.

Siku moja tulimkamata binti kisimani. Alikuwa na umri wako wa sasa. Mimi nilikuwa ombasha, nikawekwa kuwalinda mateka. Yule binti alikuwa ameshika maneno machache ya Kiswahili kwa wachuuzi waliokuwa wakipita kwao. Jioni ya pili akaniambia kwamba mama yake amejificha milimani pamoja na wadogo zake watatu, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea chakula, maana mama yake mguu haukuwa mzima. Akaniomba nimwache achukue kikapu kimoja tu cha mtama akakiweke kwenye jabali, mahali wanapojua. Mashimo walimofukia mtama wao hayakuwa mbali.

Nikamwambia, "Wallahi, siri yako ni siri yangu." Niliapa, Athumani, hali nimetawadha. Nikamwonea huruma kweli, usidhani nilikuwa nimekwisha kupanga. Nikaenda naye. Akafukua shimo moja, akajaza kikapu, akakiweka jabalini, akarudi nami kwa hiari yake, ingawa angeweza kukimbia. Alirudi kwa sababu alikuwa ameniamini.

Asubuhi nikasimama mbele ya bwana mkubwa, mzungu wetu, nikamwambia mashimo yako wapi. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyenishikia kiboko. Nimejitafutia udhuru miaka yote hii na sijaupata. Niliona tu kwamba nina neno ambalo shaushi wangu hana, wala sol aliye juu yake hana, na mimi mtoto wa shamba la minazi ndiye ninalo, na ulimi ukasema.

Yalikuwa mashimo sita. Tulibeba tulichoweza, tukayatia moto mengine. Mtama ukiungua hunuka kama bisi. Ndiyo maana hamkaangi bisi nyumbani kwangu, nawe ulikuwa ukinung'unika utotoni kwamba baba yako ni mkali kwa mambo ya kipuuzi.

Tukapigishwa foleni. Nikaitwa jina langu, nikavikwa nishani, na cheti chake nikapewa. Bwana mkubwa akauliza kama nataka na yule binti awe mke wangu, maana ndivyo ilivyokuwa, askari aliyemfurahisha mkubwa wake aliweza kupewa mateka. Nikapiga saluti moja nikashukuru kwa vyote viwili.

Siku zote nimekuambia kwamba nilimposa mama yako kwa mjomba wake huko bara. Hakuna mjomba. Hakuna posa. Nisamehe kwa kukwambia kavukavu hivi, sijui njia nyingine.

Baada ya majuma machache tulirudi kwa njia ileile. Kwenye jabali tuliwakuta, mama na watoto watatu, na kikapu kitupu katikati yao. Walikuwa wamekuja kungoja kijazwe tena. Mama yako hakupiga kelele. Alikwenda akapiga magoti, akaanza kukwaruza udongo kwa mikono. Ikanipasa kumshika bega nikamwinua, kwa kuwa safu ilikuwa haisimami. Hatukusimama. Hatukuwazika. Nikamwambia, "Haya, twende," kama mtu anayemwambia mkewe sokoni.

Tulipokuwa tunashuka pwani, tukavuka mto wenye maji ya kiuno. Mizigo yangu alikuwa nayo yeye, na nishani na cheti vilikuwa ndani ya kikopo cha bati. Tulipofika ng'ambo kikopo hakipo. Akasema, "Kimeniponyoka." Alinitazama usoni alipokuwa akisema, na sote wawili tukajua. Nilimpiga. Ni mara moja tu katika ndoa yetu, na nimekuwa nikijisifu moyoni kwa hiyo mara moja tu, kana kwamba ni zawadi niliyompa.

Basi siku ya kuachishwa kazi, karani aliniambia, "Shaushi, lete nishani yako na cheti niandike." Sikuwa navyo. Akasema bila ya kuona haandiki, tena alisema kwa adabu. Huyo ndiye mtu niliyemsingizia.

Sasa mambo mengine utayaelewa mwenyewe. Wewe na wenzako mmezoea kumtania mama yako kwamba anaficha mpunga kama panya. Kila tukivuna huugawa mafungu manne, na kila fungu hulificha mahali pake, tena mimi mwenye nyumba sijui ni wapi. Nimekaa naye miaka yote hii, amenizalia, ameniuguza, ameswali rakaa zake pembeni yangu, lakini hajapata kunionyesha chakula kilipo. Huniletea kilichopikwa. Nilikuwa nikicheka pamoja nanyi. Nilikuwa nacheka kwa sauti kubwa kuliko ninyi.

Nikiwa najua yote haya, bado niliendelea kuitafuta nishani. Hapo ndipo ninapojiona nilivyo.

Mwaka jana ulipokuwa bado shuleni mrima, mzungu mpya wa boma alitangaza kwamba askari wa zamani mwenye kasoro kitabuni alete shahidi aliyekuwapo. Wenzangu wamekufa, na waliobaki wametawanyika. Aliyekuwapo ni mmoja tu. Nikamwambia mama yako, "Nataka uje Chole unishuhudie." Nilimwambia kama ninayemwagiza maji. Akasema, "Haya."

Tukaenda kwa miguu hadi Utende, tukavushwa kwa mtumbwi. Bomani palikuwa na mzungu mezani, mkalimani kasimama, karani na wino wake, na watu wengi wenye shida zao barazani, akiwamo mtoto wa yule bwana wetu, aliyekuja kwa shauri la mpaka wa shamba. Nikafurahi kumwona. Nikasema moyoni, leo atasikia.

Mkalimani akauliza, "Mama, bwana anataka kujua, mumeo alifanya nini hata akapewa nishani?"

Mama yako akasema, "Alipewa kwa mashimo yetu ya mtama. Mimi ndiye niliyemwonyesha. Aliniapia kwa Mungu kwamba hatasema, na asubuhi akasema. Yakachomwa. Mama yangu na wadogo zangu wakafa kwa njaa. Mimi nikapewa yeye, na yeye akapewa nishani. Naam, nishani alipewa. Niliiona kwa macho yangu."

Hakulia. Hakupandisha sauti. Barazani waliokuwa wakitafuna tambuu wakaacha.

Mkalimani akamgeukia mzungu akamfasiria. Nami nilingoja dunia ipasuke. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akapendezwa. Akasema neno, na mkalimani akasema, "Bwana anasema vizuri sana mama, ushahidi wako umetosha kabisa. Anauliza, mashimo yalikuwa mangapi?"

"Sita."

Karani akaandika sita.

Mama yako akamwambia karani, "Waandike na wale waliokufa." Akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, polepole, ili kalamu imfuate. Karani alikuwa kijana mwenye heshima, akamjibu, "Bibi, hapa hapana nafasi ya hao. Hapa panaandikwa mambo ya shaushi tu." Mama yako akataja jina la mwisho hivyohivyo, ingawa kalamu ilikuwa imekwisha kuwekwa chini. Kisha akapakwa wino kidoleni, akaonyeshwa mahali, akabonyeza.

Sikia jambo ambalo linanila kuliko yote. Nimekuwa mume wake tangu kabla hujazaliwa, na pale mbele ya karani ndipo nilipolisikia jina la mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Sikuwahi kuuliza. Hata jina alilonalo yeye, Zafarani, nilimpa mimi njiani, kwa kuwa la kwao lilinishinda siku ile na sikulijaribu siku nyingine. Anaitwa Sekela. Si jina gumu.

Tulirudi nyumbani Kanga. Siku zote hutembea nyuma yangu. Siku ile alitangulia mbele, nami nikamfuata.

Mtoto wa yule bwana wetu hajanitania tena. Tukikutana hunisalimu na kupita. Nilipata nilichokitaka, maana ameamini kwamba nishani ilikuwapo.

Huo ndio ushahidi uliomo katika bahasha. Ukiusoma utaona ni maneno matamu: ombasha Feruzi aligundua maghala sita ya adui, mkewe ameshuhudia na kutia kidole. Hakuna uongo hata neno moja, nami sijapata kuona karatasi chafu kama ile. Nawe ungeiandika kitabuni kwa mwandiko wako mzuri, na kidole cha mama yako kingekuwa ndicho kilichokuruhusu.

Athumani, kesho kutwa utakaa upande ule wa meza. Watakuja watu. Mwingine atakuwa mzee mwenye harufu ya safari, mwingine mwanamke asiyejua aanzie wapi, na watasema mambo ambayo karatasi yako haikuyatengea nafasi. Wewe utakuwa na kazi nyingi na mkubwa wako atakuwa nyuma yako. Sikuambii ufanye nini, sijui kazi yenu. Nakuambia tu kwamba kijana yule karani wa Chole hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole sana. Nimemfikiria mara nyingi, na kila nikimfikiria namwona ana uso wako.

Leo adhuhuri nilimfuata mama yako shambani. Nilikuwa nimekusudia kuichoma bahasha na kukuambia imeliwa na mchwa. Hata hilo lilikuwa uongo mwingine wa kunisitiri mimi. Nikaketi chini kando yake, akashangaa, akadhani naumwa. Nikamwuliza, "Karatasi ile ya boma, wewe wataka tuifanyeje?" Ni mara yangu ya kwanza kumwuliza anataka nini kuhusu jambo lolote lililotokea kule.

Akaendelea kupalilia. Baadaye akasema, "Baba Athumani, ipeleke. Lakini iandikwe yote. Na kama hawataki yote, basi wasiandike hata kidogo."

Nikamwambia, "Mtoto atajua."

Akasema, "Ajue. Nani mwingine atawaombea wale? Mimi nazeeka. Kila mwaka nawarehemu peke yangu, utasema nimewabuni."

Basi tumekaa, yeye ametaja, mimi nimeandika neno kwa neno, na kiapo changu nimekiandika, na kofi la mtoni nimeliandika, ijapokuwa yeye alisema liache. Ametia kidole chake na mimi nimetia jina langu. Karatasi hii ya pili nimeiweka ndani ya bahasha pamoja na ile ya kwanza, na bahasha nitakupa pamoja na barua hii. Zitoe zote mbili pamoja. Wakiipokea moja na kuikataa nyingine, zichukue zote urudi nazo, na mahali pale kitabuni pabaki patupu kama palivyo. Najua wataikataa. Najua pia watacheka, na wewe u mgeni kazini, na jina langu ndilo utakalolibeba mle. Mzigo huu ni mzito kuubeba siku ya kwanza. Nimekupa kwa sababu ni wa mama yako, na mama yako amesema upelekwe.

Karatasi ile isije ikapotea, nakuandikia majina na hapa, uwe nayo yako mwenyewe. Bibi yako mzaa mama anaitwa Semalenga. Wajomba zako ni Kiswaga na Kihwele. Na Lusungu ni mama yako mdogo, alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Ukimaliza kusoma nenda kwanza kwa mama yako. Kaa naye muda wote anaoutaka, na akitaka kusimulia, usimkatize kumtetea baba yako. Mimi alfajiri nitakuwa njiani, pale unapopita na sanduku. Sitakusimamisha. Ukinipa mkono nitaupokea, na ukipita bila ya kuniaga nitajua kwamba barua umeielewa.

Feruzi, baba yako.